Marehemu Mita na Nafasi Kati ya Mkono na Umeme

Mkono wako ukiunyoosha juu, unafika wapi?

Hujui. Usione haya, karibu watu wote hawajui. Mtu anaweza kuutumia mkono wake miaka sabini, akalima nao, akaandika nao, akapungia wageni nao, asijue unaishia wapi hewani. Marehemu anayezikwa leo alijua. Alijua mwisho wa mkono wake, wa mkewe, wa wanawe watatu, na wa kila fundi aliyepita chini ya usimamizi wake. Ndiyo sababu mafundi hao wapo hai, na wengi wao wamesimama hapa wakiwa na vidole vyao kumi kumi.

Alizaliwa Jumatano, tarehe 7 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Baba yake ndiye aliyeiendesha mashine hiyo, na mama yake alilima mboga. Mashine ilikuwa na mkanda mrefu wa ngozi uliozunguka wazi, bila kizuizi chochote. Baba alichora mstari wa chokaa sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye mkanda, akawaambia wanawe kwamba atakayeuvuka atamtambua. Marehemu alikuwa na miaka sita alipouliza, "Na nikiteleza je, nikaangukia upande ule?" Baba yake alichukua chokaa, akachora mstari mwingine, hatua tatu. "Siku hiyo ndiyo niliyoajiriwa," marehemu alipenda kusema. "Hayo mengine ya barua yalikuja baadaye."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha sekondari ya bweni hadi 1969, na mwaka 1972 alihitimu cheti cha ufundi umeme katika chuo cha ufundi. Ripoti yake ya kidato cha pili bado ipo ndani ya bahasha ya kaki kabatini. Mwalimu wa hesabu aliandika kwa wino mwekundu: "Mwerevu, ila anauliza mno kipimo kimeanzia wapi." Familia imeicheka sentensi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka huu ndipo walipoacha kuicheka.

Tarehe 3 Septemba 1973, siku ya Jumatatu, aliajiriwa na shirika la umeme kuwa fundi wa laini. Waliajiriwa saba siku hiyo, wakapewa wote viatu vya namba ileile kwa sababu ghalani hapakuwa na nyingine. Katika hao saba, watatu hawakufika kustaafu. Mmoja aliinua bomba la chuma ili alipitishe getini. Wa pili alipanda nguzo aliyoambiwa kuwa imezimwa. Wa tatu alikuwa amechoka tu, akaegemea. Marehemu hakupenda kusimulia habari zao nyumbani, lakini kila alipofundisha wageni wa kazi aliwataja kwa majina, na kwa umbali. "Huyu alikosa sentimita sitini. Huyu alikosa kuuliza mara ya pili. Huyu alikosa mahali pa kukaa."

Mwaka 1978 alihamishiwa kwenye kituo cha kupoza umeme kilichokuwa kikijengwa mwisho wa barabara ya maseremala. Alikikuta kikiwa kiwanja chenye mashimo. Yeye na wenzake walimwaga zege la misingi, wakasimamisha nguzo za chuma, na juu ya nguzo wakafunga vikombe vikubwa vya kauri vinavyobeba vyuma vyenye umeme. Kila nguzo ilikaa juu ya kitako cha zege kilichochomoza sentimita arobaini na tano kutoka ardhini, kimo cha kumtosha mtu kukaa. Siku za matengenezo, umeme ukiwa umezimwa na kufuli zimepigwa, mafundi walikalia vitako hivyo wakinywa chai. Waliviita vigoda. Kila mtu alikuwa na kigoda chake, na cha marehemu kilikuwa cha nguzo ya kumi na moja.

Kwa wasioijua kazi hiyo: umeme wa pale ni wa volti laki moja na thelathini na mbili elfu, na umeme wa namna hiyo haungoji uguswe. Ukiusogelea mno unaruka hewani na kukufuata. Kwa hiyo sheria ya kazi inadai nafasi, na nafasi hiyo ina kipimo. Kutoka unapokanyaga hadi chini ya kikombe cha kauri isipungue mita mbili na sentimita arobaini, ili mtu akisahau akanyoosha mkono, asifike. Ni tarakimu kavu ukizisoma ofisini. Lakini sheria ile haikuandikwa kwa ajili ya vyuma. Iliandikwa kwa ajili ya mkono wa mtu aliyechoka, aliyekumbuka jambo la nyumbani, aliyeitwa akageuka ghafla. Anayeidharau tarakimu hiyo anaudharau mkono huo.

Marehemu hakuidharau. Alitembea na tepu ya kupimia kiunoni kama wengine wanavyotembea na saa, na kabla mwaka wa kwanza haujaisha kila mtu alimwita Mita. Ngazi ilibebwa na watu wawili, imelala, hata kama ni ya vipandio vinne. Mwaka 1996 alikuja mkubwa mmoja kutoka makao makuu, mvua inanyesha, mwavuli mrefu mkononi.

"Karibu sana, mzee," Mita alimwambia getini. "Mwavuli ubaki hapa."

"Unajua mimi ni nani?"

"Nakujua. Umeme ndio haukujui."

Mkubwa alikagua kituo chote akiwa amelowa chapachapa. Mita alipewa barua ya onyo kwa utovu wa adabu. Barua hiyo nayo imo ndani ya bahasha ya kaki, na pembeni ameandika kwa penseli: "Mwavuli, sentimita 95."

Mke wake alikutana naye mwaka 1979 katika duka la kushona nguo alilokuwa nalo yeye mwenyewe, chumba kimoja chenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni. Mita alikuja kushonewa suruali. Alipozungushiwa utepe kiunoni aliushika, akautazama, akatoa tepu yake ya chuma na kuzilaza mbili hizo mezani sambamba.

"Dada, utepe wako umevutika. Unakudanganya sentimita moja na nusu."

"Kaka, umekuja kushona au umekuja kunikagua?"

"Vyote viwili."

"Basi anza kukaguliwa wewe. Simama wima, na ufunge mdomo, kifua kinapanda ukiongea."

Suruali ilimkaa vizuri kuliko alizowahi kuvaa. Wiki ya pili aliirudisha ipunguzwe. Wiki ya tatu aliirudisha iongezwe. Wiki ya nne fundi alimwambia kwamba kitambaa kimechoka, aseme anachotaka. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1980, na Mungu aliwajalia watoto watatu: binti mkubwa ambaye ni muuguzi, mtoto wa kiume ambaye ni seremala, na kitindamimba wa kiume aliyesomea upimaji wa ardhi.

Kuishi na Mita kulikuwa na taratibu zake. Ufagio mrefu wa kutolea utando wa buibui ulitolewa nje umelala, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma, na jirani hakuchoka kuuliza, "Huo ufagio unaumwa nini leo, mbona mmeubeba kwa machela?" Sebuleni, kando ya mlango, Mita alipigilia msumari mdogo ukutani kwenye mita mbili na sentimita arobaini. Wazazi wengine hupima watoto kichwani. Yeye kila mwisho wa mwaka aliwasimamisha peku, kisigino ukutani, mkono juu, na kuweka alama ya penseli kwenye ncha ya kidole. Kitindamimba ndiye aliyewazidi wote kwa urefu. Alipofika miaka kumi na tisa, kati ya kidole chake na msumari palibaki upana wa vidole vinne.

"Vidole vinne," Mita alisema akashusha pumzi. "Mshukuru mama yako kwa kuishia hapo."

"Na ningeufikia msumari, baba, ungefanya nini? Ungeupandisha?"

"Msumari haupandi. Ningechimba chini ya miguu yako."

Wote walicheka.

Kuanzia mwaka 1989 alikuwa msimamizi wa kituo, na ndiye aliyekifanya kiwe kituo safi kuliko vyote katika ukanda wake. Majani yalimkera. Majani yanaficha nyoka, yanashika moto, na mtu anayekatakata majani anainua panga. Kwa hiyo alianzisha utaratibu wa kumwaga kokoto mpya kila mwaka. Kokoto kavu pia humlinda mtu miguuni umeme unapotoroka kwenda ardhini. Lilikuwa wazo jema pande zote. Zilimwagwa, zikasawazishwa kwa reki, tabaka la unene wa kidole, na kituo kikang'aa. Alistaafu tarehe 31 Machi 2011, akapewa saa ya ukutani, na waliomfuata waliendeleza kokoto zake kama urithi.

Katika miaka yote ya usimamizi wake hakuna maiti iliyotoka katika kituo hicho. Hilo lisomwe mara mbili, kwa sababu si vituo vyote vinavyoweza kulisema. Hakuna maiti iliyotoka katika kituo hicho.

Mwezi Agosti 2023 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari walisema moyo umepanuka. Binti mkubwa alipanga dawa kwenye kisanduku chenye vyumba saba, na Mita akawa mgonjwa mtiifu, isipokuwa alipima mwenyewe uvimbe wa vifundo vyake kwa utepe wa mkewe na kubishana na vipimo vya kliniki. Pengine maisha yake yangeishia hapo, kwa utulivu, na wasifu huu ungekuwa mfupi. Lakini Jumanne ya tarehe 11 Juni 2024 aliombwa na msimamizi wa sasa wa kituo, mama mmoja aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe, aje kuzungumza na mafundi sita wapya. Ilikuwa siku ya matengenezo ya mwaka, upande mmoja wa kituo umezimwa na kufuli zimefungwa. Kitindamimba alimsindikiza.

Mita alizungumza robo saa kuhusu wale watatu, kwa majina na kwa umbali. Akachoka. Akaifuata nguzo ya kumi na moja, akageuka, akashusha mwili kukaa kwenye kigoda chake. Akashuka, akashuka, akafika chini miguu ikiwa imenyooka mbele kama ya mtoto.

Walicheka wote, na msimamizi akacheka nao huku akimkimbilia. "Jamani, Mita! Kigoda kimezama, au wewe ndiye umerefuka?"

Yeye hakucheka. Alikuwa akikitazama kitako cha zege kilichochungulia kutoka kwenye kokoto sentimita tatu tu.

"Nipeni tepu," alisema.

Walipima kutoka chini ya kikombe cha kauri hadi kwenye kokoto. Mita moja na sentimita tisini na nane. Akaomba nguzo ya kumi na mbili ipimwe, kisha ya tisa. Tofauti ilikuwa ya sentimita moja, mbili. Mtu wa kimo cha kawaida akinyoosha mkono anafika mita mbili na kumi na tano. Vifaa vilikuwa palepale vilipofungwa mwaka 1978. Hakuna chuma kilichoshuka hata kwa unywele.

"Ardhi imepanda," Mita alisema. "Tabaka juu ya tabaka, miaka thelathini na mitano. Na aliyeipandisha ni mimi."

Hebu lifikirie hilo kosa. Si kosa la mzembe, maana mzembe angeacha majani yaote na nafasi ingebaki. Ni kosa la mtu aliyependa kituo chake. Alipima kila kitu kilichokuwa juu na kilichokuwa pembeni. Hakupima chini, kwa sababu chini ndiko alikosimama. Na baada yake walipita wakaguzi mwaka hata mwaka, makaratasi mkononi, shingo juu, wakitia alama ya vyema kwenye kila kisanduku, bila mmoja wao kujiuliza amesimama juu ya nini. Mafundi walipita hapo kila siku kusoma vipimo vya transfoma, wakiwa na kofia ngumu kichwani na bisibisi mkononi, na walichokuwa nacho kati yao na kifo ni bahati.

Msimamizi alizungushia kamba eneo hilo siku hiyohiyo. Kitindamimba akakaa chini akaandika barua kwa makao makuu, kurasa tatu zinazowaka moto. Alimsomea baba yake kitandani kabla ya kuipeleka.

"Umeandika neno uzembe mara kumi na moja," Mita alimwambia. "Sentimita umeiandika mara moja. Geuza."

"Baba, hawa watu wasipotikiswa hawasikii!"

"Wakitikiswa wanashika viti vyao. Waonyeshe kipimo."

Kijana hakugeuza. Aliipeleka vilevile, akijiona shujaa. Jibu lilikuja tarehe 2 Julai, mistari minne: urefu wa vifaa umelinganishwa na michoro na umeonekana sahihi, kamba iondolewe kwa kuwa inatia hofu wafanyakazi. Na kweli michoro ilikuwa sahihi. Mchoro haujui mtu amemwaga nini chini yake. Kamba ikaondolewa.

Kuanzia siku hiyo simu ikilia ndani ya nyumba, Mita aliweka mkono kifuani hadi ajulikane aliyepiga. Hakuwa akiogopa kufa. Alilolihofia ni kupigiwa simu kutoka kituoni. Mkewe alimsikia akisema peke yake, "Wasinyooshe mikono. Wasinyooshe tu, kwa leo." Kesho yake alisema hivyohivyo tena.

Mwezi Agosti aliomba karatasi na kalamu. Aliandika kwa mkono wake, nusu ukurasa, akipumzika baada ya kila mstari. "Mimi ndiye niliyeanzisha utaratibu wa kuongeza kokoto bila kuondoa za zamani. Nilipima kutoka juu, sikupima kutoka nilipokanyaga. Nafasi ya mita 2.40 niliyokabidhiwa sasa ni mita 1.98. Msitafute michoro, tafuteni kitako cha zege cha nguzo ya kumi na moja mjaribu kukikalia. Naomba mzime umeme, mchimbe."

Kitindamimba aliisoma akaikunja. "Baba, usiisaini hii."

"Kwa nini?"

"Wahandisi wanao, wakaguzi wanao, wote wamepita pale. Wewe umestaafu miaka kumi na tatu. Watakuangushia wewe kila kitu, na jina lako ndilo litakalobaki kwenye faili. Miaka ishirini na miwili ya usimamizi bila maiti, halafu umalizie na hili?"

"Kokoto za kwanza aliagiza nani?"

"Uliagiza kwa nia njema!"

"Umeme unasoma nia?"

Mama, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, hakuinua kichwa. "Mpe baba yako kalamu. Moyo ndio umepanuka, akili ipo palepale."

Alisaini. Akamwambia kitindamimba jambo jingine, na jambo hilo ndilo lililofanya wasifu huu uandikwe ulivyoandikwa. "Siku ya kunizika, msome na kokoto. Msinifanye malaika. Mkificha kosa langu, mwingine atalirudia kwa reki mpya."

Kwa hiyo limesomwa.

Barua ile ya nusu ukurasa ilifanya kazi ambayo kurasa tatu za moto zilishindwa. Msimamizi aliipeleka mwenyewe, akamketisha mhandisi mkuu kwenye kigoda cha nguzo ya kumi na moja siku ambayo upande ule ulikuwa umezimwa, na mhandisi akaishia chini, suti na yote. Alikaa hapo kidogo, miguu imenyooka. Kamba ilirudishwa siku hiyo. Tarehe 30 Septemba iliandikwa ratiba: umeme wa upande huo kuzimwa Ijumaa, tarehe 18 Oktoba, kuanzia saa moja asubuhi, na kokoto zote kuondolewa hadi kwenye ardhi ya mwanzo. Utaratibu mpya uliongezwa kwamba kokoto mpya zisimwagwe kabla za zamani hazijatolewa, na kwamba kipimo cha kila mwaka kianzie kwenye soli ya kiatu.

Msimamizi alipopiga simu kuwaambia, Mita hakuweka mkono kifuani. Alisikiliza, akasema, "Asante, mwanangu," akalala saa tisa mfululizo. Hakuwa amelala hivyo tangu mwezi Juni. Wiki zake mbili za mwisho zilikuwa nyepesi. Alicheka. Alimtania daktari. Alimwambia mkewe kwamba ile suruali ya mwaka 1979 haikuwahi kuhitaji kupunguzwa, na mkewe akamwambia kwamba yeye naye hakuwahi kuipunguza, aliinyoosha tu pasi na kumrudishia.

Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, kitandani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono na wanawe watatu wakiwepo. Neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa la mchana, alipouliza kama mvua itanyesha kesho. Aliambiwa haitanyesha. "Vizuri," alisema. "Kokoto zikilowa ni nzito."

Ameacha mke, ambaye ndiye fundi cherehani aliyempima kwanza, binti mkubwa na mumewe, mwanawe wa pili, seremala aliyelitengeneza jeneza hili kwa mikono yake, kitindamimba, wajukuu watano ambao alama zao za penseli zimeshaanza ukutani, dada yake mdogo, na mafundi arobaini na mmoja aliowafundisha, idadi ambayo haijapungua.

Familia inawashukuru wauguzi wa wodi ya moyo, majirani, na wafanyakazi wa kituo.

Asubuhi iliyofuata kifo chake, ua ulikuwa umeanza kujaa watu. Kitindamimba alisimama mlangoni akiwa na viatu vya kazi mkononi, asijue aibu aiweke wapi, kwani mtu haondoki msibani kwa baba yake. Mama yake alimwona.

"Nenda," alimwambia. "Hapa kuna watu wa kutosha. Kule baba yako hana mtu."

Alifika kituoni saa mbili kasoro. Upande wa nguzo ya kumi na moja ulikuwa kimya, kufuli zimefungwa, kibali cha kazi kimebandikwa, waya nene za kuteremsha umeme ardhini zimefungwa pande zote mbili. Watu kumi na wawili walikuwa wakichota kokoto kwa mabeleshi, na toroli zikipokezana kwenda getini. Hakuna aliyeinua beleshi juu ya kiuno. Kitindamimba aliona tabaka zikitoka moja baada ya nyingine, za juu nyeupe, za kati za kijivu, za chini nyeusi kwa vumbi la miaka, na kitako cha zege kikachomoza taratibu kama goti la mtu anayesimama. Saa nne na nusu beleshi liligonga udongo mwekundu, ule wa mwaka 1978.

Msimamizi aliweka tepu. Akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti: "Mita mbili, arobaini." Aliangaza macho kati ya wafanyakazi wake, halafu akamgeukia yule mgeni. "Wewe ndiye mrefu kuliko wote hapa. Njoo usimame. Nyoosha mkono."

Alisimama kwenye udongo mwekundu chini ya kikombe cha kauri, akanyoosha mkono wa kulia hadi bega likauma. Msimamizi alipanda ngazi fupi iliyoletwa na watu wawili, imelala, akaingiza vidole vyake katika nafasi iliyobaki kati ya ncha ya kidole na kikombe.

"Vitatu," alisema.

"Ni vinne," kitindamimba alimjibu mkono ungali juu, machozi yakimshuka hadi shingoni. "Cha nne ni soli ya kiatu."

Msimamizi akashuka. Akavua kofia, akaenda kwenye kigoda cha nguzo ya kumi na moja, akakaa. Magoti yake yalikunjika sawasawa, na nyayo zake zikatulia ardhini.

Lala salama, Mita. Nafasi imerudi.